Je, Mwanga wa Leza Unaweza Kuniondolea Miwani?

Mama mumoja alifika katika chumba chetu cha kupima macho akiwa amefunga feza nyingi katika kitambaa. Alikuwa ameuza ngombe wawili na sehemu ya shamba lake la kahawa. Akasema: "Munganga, naomba barua ya kwenda Nairobi. Huko kuna mashine ya leza. Wanakuangazia mwanga katika jicho, kiisha unaona. Mutoto wa ndugu yangu aliona habari zake katika simu." Nilimuuliza macho yake yalianza kupunguka wakati gani. Alijibu kwamba ni miaka miwili, na miaka hii miwili yote alikuwa akikusanya feza ile.

Tulipomupima, tuliona ya kuwa jicho la kuume limekwisha kufa. Jicho la kushoto lilikuwa likiona mbele tu, kama mutu anayechungulia katika tundu la mwanzi. Ugonjwa wake ni glokoma, ule ambao watu wanauita presha ya jicho. Leza aliyosikia habari zake haiponyi ugonjwa huo hata kidogo. Na dawa ya matone ambayo ingeweza kuchunga jicho la kuume ilikuwa katika kabati letu siku hizo zote.

Siandiki habari ya mama huyu ili tumucheke. Alifanya kazi kwa nguvu, alichunga feza yake vizuri, na hakuna mutu aliyemudanganya kwa kusudi. Habari ya leza ni ya kweli, lakini ilikuwa habari ya ugonjwa mwingine. Tangu siku ile nimekuwa nikiandika katika kitabu kidogo maswali ambayo wagonjwa wananiuliza juu ya mwanga huu. Hapa ninajibu yale yanayorudi mara nyingi. Muuguzi wa dispansere anaweza kuyasoma mbele ya watu wanaongoja asubuhi.

Leza ni kitu gani?

Leza ni mwanga uliokusanywa kwa mashine hata ukafuata njia moja tu. Taa ya mafuta inatupa mwanga wake pande zote za nyumba, lakini leza inaupeleka wote mahali pamoja. Mutu wa kwanza aliyetengeneza mashine ya namna hii ni Theodore Maiman, katika Marekani, mwaka wa 1960.

Leza inayotumiwa kwa ajili ya miwani ina tabia yake. Mwanga wake hauonekani kwa macho, nao hauchomi kama moto. Unaondoa nyama kidogo sana juu juu, na pande zinazobaki ni safi. Jambo hili liligunduliwa mwaka wa 1981 na watu watatu waliofanya kazi katika kampuni ya IBM, ndio Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum. Srinivasan alijaribu mwanga ule juu ya nyama ya batamzinga iliyobaki nyuma ya sikukuu. Mwaka wa 1983 munganga wa macho Stephen Trokel alionyesha kwamba mwanga huu unafaa kwa kioo cha mbele cha jicho. Mwaka wa 1988 munganga Marguerite McDonald aliutumia kwa mara ya kwanza juu ya jicho la mutu lililokuwa likiona. Kwa hiyo si uchawi, wala si jambo lililoanza juzi.

Mwanga huu unafanya nini katika jicho?

Hapa naomba musomaji asome polepole, kwa sababu mutu akifahamu jambo hili moja, maswali mengine yote yatakuwa rahisi.

Tazama jicho la mwenzako kwa ubavu. Utaona kwamba mbele ya ile sehemu nyeusi kuna kioo safi, kimejikunja kidogo kama kioo cha saa. Wanganga wanakiita kornea. Unene wake ni nusu ya milimeta tu. Nyuma yake kuna mboni, ndilo tundu la kuingiza mwanga. Nyuma ya mboni kuna kioo cha pili, kinachoitwa lensi. Mwisho kabisa, ndani, kuna ukuta wa nyuma unaopokea picha na kuipeleka katika ubongo kwa njia ya mushipa.

Watoto wanajua mchezo wa kushika kioo cha kukuza juani na kuchoma jani kavu. Wanasogeza kioo mbele na nyuma hata mwanga wote unakutana katika nukta moja. Jicho linafanya vivyo hivyo. Kornea na lensi zinakunja mwanga ili ukutane sawasawa juu ya ukuta wa nyuma. Kazi kubwa ya kukunja inafanywa na kornea.

Sasa, jicho la mutu mukubwa lina urefu wa milimeta 24 karibu. Kama lilikua likazidi milimeta 1 tu, mwanga unakutana mbele ya ukuta, na vitu vya mbali vinakuwa kama moshi. Mutu huyu anaona kitabu vizuri lakini hatambui anayemusalimu ngambo ya barabara. Anahitaji miwani ya namba 3 karibu, yenye alama ya kutoa. Ugonjwa huu unaitwa miopi. Ninapoueleza kanisani, ninawakumbusha yule kipofu wa Betsaida, ambaye mwanzo hakuweza kutofautisha vizuri watu na miti. Wengine jicho lao ni fupi, na wanachoka kwa kusoma. Wengine kornea yao haikujikunja sawa pande zote, imekuwa na umbo la mugongo wa kijiko, na kwao mistari inakuwa na kivuli.

Wote hawa wana jicho zima lenye kipimo kibaya. Miwani inasaidia kwa kukunja mwanga mbele ya kuingia. Leza inafanya kazi ileile kwa kubadilisha umbo la kornea yenyewe, kama seremala anayepitisha randa juu ya ubao. Kwa miopi inapunguza katikati ili kornea iwe bapa kidogo. Kwa jicho fupi inapunguza pande zote za kuzunguka, ili katikati pasimame zaidi.

Ni kidogo namna gani? Gawanya milimeta moja mara 1,000. Kwa kila namba moja ya miwani, leza inaondoa vipande 15 hivi vya namna hiyo. Unywele wa kichwa chako una unene wa vipande 50 hata 100. Basi unaona kwamba kazi ni ndogo sana, nayo ni kazi ya kornea tu. Leza hii haigusi lensi, haigusi ukuta wa nyuma, haigusi mushipa.

Mimi sioni vizuri. Je, itanisaidia?

Inategemea ni sehemu gani ya jicho iliyo na ugonjwa. Hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Kama mboni imekuwa nyeupe au ya kijivu, na muzee anaona kama kupitia kitambaa, mara nyingi ni mutoto wa jicho, ndio katarakte. Lensi ya ndani imechafuka. Unaweza kusugua dirisha la nyumba hata jioni. Kama moshi uko ndani ya nyumba, hutaona kitu. Labda macho ya muzee Isaka yalififia namna hii, hata asimutambue Yakobo. Maandiko hayasemi jina la ugonjwa wake. Muzee wa leo ana njia. Wanganga wanatoa lensi ile iliyochafuka na kuweka nyingine ya plastiki. Kazi hii ilianzwa na munganga Harold Ridley, katika London, mwaka wa 1949, na sasa inafanywa hata katika hospitali za inchi yetu. Haihitaji safari ya Nairobi, wala haihitaji leza.

Kama ugonjwa ni glokoma, ule wa mama wetu, mushipa wa nyuma unakufa polepole. Mara nyingi hauumi. Unaanza kwa kula pande za kuona, na katikati panabaki safi, kwa hiyo mugonjwa mwenyewe hajui. Kilichokwisha kupotea hakirudi, si kwa matone, si kwa kisu, si kwa mashine ya Ulaya. Dawa inachunga kile kilichobaki. Ndiyo sababu nachukia sana neno hili: "Nangoja kwanza nipate feza." Ukiwa na baba au mama, kaka au dada mwenye glokoma, na umepita miaka 40, uje kupimwa hata kama unaona vizuri leo.

Wanaokaa kando ya mito yenye maji ya mbio wanajua upofu unaoletwa na mainzi madogo meusi, ndio onkoserkose. Vidudu vyake vinaharibu kornea na ukuta wa nyuma vilevile. Dawa yake ni vidonge vya Mectizan, ambavyo kampuni ya Merck inavitoa bure tangu mwaka wa 1987. Vinapogawanywa katika kijiji, umeze pamoja na jamaa yako wanaoruhusiwa, na mwaka unaofuata umeze tena. Leza ya miwani haina kazi hapo.

Kuna wenye kovu jeupe juu ya kornea. Limetoka kwa surua ya utoto, kwa kidonda, au kwa maji ya majani na mukojo uliotiwa katika jicho linalouma. (Nimeona mambo haya hata kwa watoto wa wazee wa kanisa.) Kovu kubwa halipanguswi kwa leza hii.

Lakini nilisikia kwamba leza inatumiwa kwa glokoma na kwa wenye sukari

Ulisikia vizuri. Moto ni moto, lakini moto wa kupika ugali si moto wa kuchoma matofali. Kuna leza inayopiga ukuta wa nyuma kwa ajili ya mugonjwa wa sukari, ili mishipa mibaya isitoke damu. Kuna inayosaidia maji ya ndani ya jicho kutoka, kwa wagonjwa wengine wa glokoma. Kuna inayofungua ngozi ndogo inayochafuka nyuma ya kupasuliwa kwa mutoto wa jicho. Hizi ni mashine nyingine kwa kazi nyingine, na hakuna hata moja kati yao inayoondoa miwani. Kwa hiyo mutu akikuambia "nilipona kwa leza," muulize: "Ulipona ugonjwa gani?"

Nani anaweza kukubaliwa?

Mbele ya miaka 18 wanganga wanakataa, kwa sababu jicho linakua bado. Tena miwani yako isiwe imebadilika kwa muda wa mwaka mumoja au zaidi. Kijana wa miaka 20 ambaye kila mwaka anaongeza namba, na angoje.

Mama mwenye mimba au anayenyonyesha angoje pia, maana wakati huo kipimo cha jicho kinaweza kubadilika. Mwenye sukari isiyotulia, mwenye ugonjwa unaozuia vidonda kupona, mwenye mwili uliopungukiwa na nguvu za kujikinga, mwenye macho makavu sana, hawa aseme kila mumoja ukweli wote kwa munganga. Wengine wanaficha ugonjwa wao kwa kuogopa kufukuzwa. Jicho litaufichua nyuma ya kupasuliwa, na wakati huo utakuwa umechelewa.

Mwenye miopi kali kupita namba 10 mara nyingi anakataliwa. Leza ingeondoa nyama nyingi mno. Wanganga wanapima unene wa kornea kwanza, na wanachunga kwamba sehemu ya chini isiyoguswa isiwe nyembamba kupita kipimo. Kornea ikibaki nyembamba mno, inasukumwa inje kwa nguvu za ndani kama mupira ulio zaifu upande mumoja, na mutu anaona vibaya kuliko mwanzo.

Katika jambo hili nina neno kwa wazazi. Watoto wengi wa kwetu wana macho yanayowasha mwaka muzima, na wanayasugua kwa ngumi asubuhi na jioni. Kusugua huku kunaweza kusaidia ugonjwa unaofanya kornea iwe na ncha kama koni. Mutu mwenye ugonjwa huo asifanyiwe leza ya miwani hata kidogo. Mulete mutoto apate dawa ya muwasho. Lakini usinunue sokoni matone yenye kortizoni na kuyatia miezi na miezi, hata kama yanatuliza upesi. Matone hayo yakitumiwa bila munganga yanaweza kuleta glokoma na mutoto wa jicho kwa mutoto wako muzima.

Je, inauma? Nikipepesa macho, itakuwa namna gani?

Hawakulazi usingizi. Wanatia matone ya ganzi, na jicho halisikii. Kifaa kidogo kinashika kope, kwa hiyo hutaweza kufunga jicho hata ukitaka. Wanakuambia utazame taa ndogo. Mashine inafuata jicho lako, nalo likiondoka sana, inasimama yenyewe. Leza inapiga kwa muda mufupi, mara nyingi usiofika dakika moja kwa kila jicho. Utasikia harufu kama ya unywele uliochomwa. Usiogope, hakuna kinachoungua.

Kuna njia mbili zinazojulikana sana. Katika njia ya kwanza, inayoitwa LASIK, wanganga wanakata kifuniko chembamba juu ya kornea, wanakikunja upande kama mufuniko wa kitabu, leza inafanya kazi chini yake, kiisha wanakirudisha. Mutu anaona vizuri kesho yake. Katika njia ya pili, inayoitwa PRK, hawakati kifuniko. Wanaondoa ngozi laini ya juu, leza inafanya kazi, na ngozi inaota tena kwa siku chache. Siku tatu au nne jicho linauma na kutoa machozi, na kuona vizuri kunachelewa. Watu wanapenda ile ya kwanza kwa sababu ya upesi wake. Lakini kifuniko kile hakishikamani tena kwa nguvu zote za zamani, na pigo kubwa la jicho linaweza kukisogeza hata nyuma ya miaka. Kwa askari, kwa mucheza ngumi, na kwa mutu wa kazi ya mbao na mawe, mara nyingi wanganga wanachagua ile ya pili. Tena kwa jua kali kama la kwetu, aliyefanyiwa ya pili avae miwani ya jua miezi ya kwanza, ili kornea isiingie wingu.

Hatari zake ni zipi?

Walio wengi wanafurahi. Hatari kubwa, kama vile kuingiwa na vidudu au kornea kusukumwa inje, zinapata watu wachache, chini ya mumoja katika mia. Lakini huyo mumoja ni mutu, naye alikuwa na jicho zima lililoona vizuri kwa miwani. Hilo ndilo unalopaswa kulipima usiku ukiwa kitandani. Mwenye mutoto wa jicho akipasuliwa, anahatarisha jicho ambalo limekwisha kupofuka. Mwenye kufanyiwa leza ya miwani anahatarisha jicho lenye afya.

Taabu ndogo ni za wengi zaidi. Macho yanakauka kwa miezi kadhaa, kama kwamba muchanga umeingia, na kwa wengine ukavu unaendelea. Usiku taa za gari zinakuwa na duara kuzunguka. Kijana mumoja wa kwaya yetu alifanyiwa kazi hii mbali, alikuwa na miwani ya namba 5. Sasa anasoma noti ubaoni kutoka mwisho wa kanisa bila miwani, na anamushukuru Mungu. Lakini kwa miezi minane hakusubutu kuendesha pikipiki usiku, na kazi yake ilikuwa ni hiyo. Hakuna aliyemuambia mbele.

Nikirudi nyumbani, nifanye nini?

Swali hili watu hawaniulizi, nami ninaliweka kwa sababu ndilo linaloharibu mambo kwetu. Munganga lazima atazame jicho kesho yake, tena nyuma ya juma moja hivi, tena nyuma ya mwezi. Mutu anayepanda basi siku ileile kurudi kijijini anaacha jicho lake bila mulinzi. Hesabu nauli ya kwenda, na hesabu vilevile chakula na malalo ya juma zima karibu na hospitali, na feza ya kurudi kupimwa.

Usisugue jicho. Ulale na kifuniko cha plastiki juu yake usiku za kwanza. Utie matone yote kwa saa zake hata kama huoni taabu. Maji ya muto na ya ziwa yasiingie katika jicho majuma ya kwanza, wala usioge kwa kuzamisha kichwa. Usipepete unga, usifagie uwanja wenye vumbi, usikae jikoni penye moshi. Kama jicho linauma zaidi badala ya kupungua, kama linakuwa jekundu au kuona kunapunguka, usingoje Jumatatu.

Na zile karatasi za vipimo vya jicho lako mbele ya leza, uzichunge pamoja na kitambulisho chako. Siku ukizeeka na kupata mutoto wa jicho, munganga atazihitaji ili achague lensi inayokufaa. Bila hizo anaweza kukosea.

Je, sitavaa miwani tena siku zote za maisha yangu?

Hapana, hilo hakuna munganga wa kweli anayeliahidi. Kazi ya leza inadumu, lakini jicho linaweza kubadilika tena kidogo, na wengine wanahitaji kupigwa mara ya pili. Zaidi ya hilo, karibu na miaka 40 lensi ya ndani ya kila mutu inaanza kuwa ngumu, na kusoma maandishi madogo kunakuwa kazi. Leza ya kornea haizuii jambo hilo.

Mwalimu mumoja muzee, mwenye miaka 52, alikuja kwangu na huzuni kubwa. Alikuwa akisogeza Biblia mbali hata mikono ikaisha. Watoto wake katika muji walikuwa wanachanga feza ya leza. Nilimupa miwani ya kusomea kutoka sanduku letu, ile ya namba 2, bei yake haifiki bei ya kuku. Aliivaa, akafungua Zaburi, akanyamaza. Kiisha akacheka hata wagonjwa wa inje wakauliza kuna nini. Ile feza ya watoto ilinunua mabati ya nyumba.

Je, ni zambi kubadilisha jicho ambalo Mungu aliumba?

Wanaouliza hivi kwa kawaida wamevaa viatu, nami ninawaonyesha viatu vyao. Bwana Yesu mwenyewe alitumia udongo na mate kwa ajili ya yule aliyezaliwa kipofu, na Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa munganga. Sioni zambi katika leza. Ninaona kosa mahali pengine, mutu anapokopa feza ya karo ya watoto ili asionekane na miwani usoni siku ya harusi yake. Miwani si haya. Kwa walio wengi kati yetu, wenye macho ya miopi na mushahara mudogo, miwani mizuri na kitambaa safi cha kuipangusa vinatosha. Mwenye feza yake, mwenye umri wa kufaa, mwenye kazi ambayo miwani inaizuia kweli, huyo na aende, akiisha kupimwa na kuambiwa yote.

Nikitaka kujua macho yangu yana nini, nije na nini?

Uje asubuhi. Ulete miwani yako ya zamani hata kama imevunjika, kwa maana tunaweza kusoma namba zake. Ulete dawa zote unazotumia, za jicho na za mwili, na zile za majani, hatutakukaripia. Kama unavaa lensi za kubandika juu ya jicho, tuambie, kwa sababu mbele ya kupimwa kwa ajili ya leza zinatakiwa kuachwa kwa majuma. Tutatia matone yanayofungua mboni ili tuone ukuta wa nyuma, na kwa saa kadhaa hutaweza kusoma, na jua litakusumbua. Kwa hiyo ulete kofia, na mutu wa kukushika mukono wakati wa kurudi. Yule mama anakuja na mujukuu wake kila mwezi wa tatu kuchukua matone. Jicho la kushoto linaona bado sawa na siku ile tulipolipima.